Jibu langu: sehemu ya mwisho huridhisha ikilipa deni la sehemu ya kwanza

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umebakiza sehemu moja tu ya tamthilia ya uhalifu uliyoifuatilia kwa miaka mingi, na kwamba unasita kuitazama kwa sababu kila anayeizungumzia analalamikia mwisho wake. Umeuliza kama kweli ipo tamthilia ndefu ya aina hiyo ambayo sehemu yake ya mwisho huwaridhisha watazamaji. Kwa uzoefu wangu zipo, ingawa ni chache, na hazifanani hata kidogo katika namna zinavyomalizika: katika moja mhalifu anakufa, katika nyingine anabaki hai, katika nyingine hatuonyeshwi kilichompata. Zinachoshirikiana ni kwamba zimelipa deni zilizojitwika zenyewe tangu mwanzo. Nitalazimika kufichua mwisho wa tamthilia kadhaa ili nieleweke, kwa hiyo asiyetaka kuujua aishie hapa.

Jambo hili nilifundishwa na The Shield, ambayo mimi na kaka yangu tuliitazama yote, sehemu 88, usiku baada ya usiku. Tamthilia hiyo ilianza Machi 2002 na kumalizika Novemba 2008, nayo inawahusu askari wa kikosi maalumu katika wilaya ya kubuni ya Farmington, jijini Los Angeles, ambao kituo chao ni jengo lililowahi kuwa kanisa. Kiongozi wao, Vic Mackey, ni mpelelezi hodari na mwizi kwa wakati mmoja. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza kabisa anampiga risasi ya uso Terry Crowley, askari mwenzake aliyepandikizwa kikosini ili amchunguze, kisha kifo hicho kinasukumiwa kwa muuza dawa za kulevya ambaye tayari ni maiti na hawezi kujitetea. Tangu dakika hiyo mtazamaji anadai. Vic anaokoa watoto, anawapiga watuhumiwa, anaiba fedha za majambazi, anawapenda wanawe kwa dhati, na kila tulipoanza kumwonea huruma tulikumbuka kwamba Terry bado hajasemewa na mtu.

Malipo yanaanza katika sehemu ya pili kutoka mwisho. Vic ametia saini mkataba wa kinga ya kutoshtakiwa na idara ya serikali kuu inayoshughulikia uhamiaji na forodha, na sharti lake ni kwamba aungame kila kosa alilotenda. Kinasa sauti kinawashwa. Vic anakaa kimya kwa muda mrefu, mrefu kuliko televisheni inavyozoea kuvumilia, kama mtu anayetafuta pa kuanzia, kisha analitaja jina la Terry Crowley. Kaka yangu alikuwa na mazoea ya kuzungumza tamthilia yote tangu inapoanza hadi inapokwisha. Hapo alinyamaza, nami nikagundua kwamba nilikuwa nimeushika mkono wa kiti kwa nguvu. Miaka sita na nusu ya hadithi ilikuwa imebanwa ndani ya kimya kile.

Sehemu ya mwisho yenyewe ndiyo iliyotugombanisha. Vic hafungwi wala hauawi. Shane, askari mwenzake wa kikosini na rafiki yake wa karibu kuliko wote, anamuua mkewe mjamzito na mtoto wao mdogo, kisha anajiua. Kapteni Claudette Wyms anamketisha Vic katika chumba kile kile alichozoea kuwahojia wengine, anamsomea barua ya Shane, anamwekea mezani picha za maiti na kumwacha nazo. Ronnie, askari mwingine wa kikosi hicho, aliyemtii hadi mwisho, anatiwa pingu mbele ya macho yake na kujua hapo hapo kwamba amesalitiwa. Mke wa zamani wa Vic na watoto wanahamishwa kwa siri, mahali ambapo hatawapata. Kinachobaki ni kazi ya ofisini katika idara ile ile iliyompa kinga, kwa miaka mitatu: suti, tai, dawati, na ripoti za kuandika kila siku. Jioni, wenzake wakiwa wamekwenda, anasikia ving'ora vya polisi nje ya dirisha, taa za ofisi zinazimika, naye anachukua bastola yake na kuondoka.

Kaka alitaka afe. Alisema mtu aliyemuua mwenzake hawezi kumaliza kwa kukaa kwenye kiti cha ofisini, akaondoka sebuleni amekasirika. Mimi niliona, na bado naona, kwamba kifo kingekuwa nafuu kwa Vic. Kwa miaka yote alidai kwamba kila alilolifanya alilifanya kwa ajili ya familia yake na kikosi chake. Mwisho ukamwachia uhai na kumnyang'anya vyote viwili. Adhabu hiyo imekatwa kwa kipimo chake mwenyewe, na ndiyo maana naihesabu kuwa malipo kamili.

Sasa nizungumzie The Sopranos, hadithi ya Tony Soprano, kiongozi wa genge la mafia, kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi na wanaosema wamevunjwa moyo. Sehemu yake ya 86 ilirushwa tarehe 10 Juni 2007. Tony ameketi mkahawani, anakula pete za vitunguu pamoja na mkewe na mwanawe wa kiume, huku binti akihangaika kuegesha gari nje. Kengele ya mlango inalia, Tony anainua uso, picha inakatika na kioo kinabaki cheusi kwa sekunde kama 10 bila sauti yoyote. Watazamaji wengi wa Marekani walidhani matangazo yamekatika. Mimi niliitazama baadaye kwa diski, na nilidhani imekwaruzika. Niliitoa, nikaifuta kwa kitambaa laini, nikairudisha na kukuta giza lile lile mahali pale pale. Nilikasirika, na hasira hiyo ilidumu miezi.

Nilipoirudia tamthilia hiyo ndipo nilipolisikia jambo lililonipita. Mwanzoni mwa mkupuo wa mwisho wa sehemu zake, Tony na shemeji yake Bobby wamekaa mashuani ziwani, na Bobby anasema kwamba kifo kikija, huenda mtu hasikii chochote. Katika sehemu inayotangulia ya mwisho, Tony anayakumbuka maneno hayo akiwa amelala na bunduki kifuani. Kwa hiyo giza lile lilikuwa limeahidiwa. Sikubaliani na wanaosema kwamba ni hila ya mwandishi aliyekosa la kusema, lakini naelewa kwa nini mtazamaji wa mara moja hujiona amedhulumiwa: amelipwa kwa sarafu ambayo hakuonyeshwa vizuri jinsi ya kuihesabu.

Mfano wa deni lililokwepwa ni Dexter. Kwa misimu 8 hofu iliyotufanya tusilale ilikuwa moja: itakuwaje siku askari wa Miami watakapojua kwamba mtaalamu wao wa damu ndiye muuaji? Siku hiyo haikufika. Waliokaribia ukweli walikufa, dada yake aliyeubeba ukweli huo hadi ukamlemea anazamishwa baharini, kisha Dexter mwenyewe, tuliyedhani amemezwa na kimbunga, anaonekana akiishi peke yake kama mkata magogo, akiitazama kamera bila neno. Mwaka 2021 alirudishwa kwa sehemu 10, na mwishoni mwake akapigwa risasi na mwanawe; baadaye ikaelezwa kwamba hakufa. Kila urejeo umenithibitishia kwamba mwisho wa kwanza haukufunga kitu.

Wiki moja tu baada ya mwisho huo wa Dexter, tarehe 29 Septemba 2013, Breaking Bad nayo ilimalizika. Wengi husifu bunduki ya mashine iliyofichwa kwenye buti la gari. Kwangu malipo yako jikoni, pale Walter White, mwalimu wa kemia aliyegeuka mtengenezaji wa dawa za kulevya, anapomkubalia mkewe kwamba hakuyafanya yale kwa ajili ya familia, aliyafanya kwa ajili yake mwenyewe. Tulikuwa tumelisubiri sentensi hiyo kwa misimu mitano.

Line of Duty ya Uingereza nitaigusia tu, maana deni lake ni la aina nyingine. Ilificha jina la kinara wa askari wala rushwa kwa miaka, na Mei 2021 ikafichua kwamba ni afisa mzembe ambaye hakuna aliyemwogopa. Nadhani ujumbe ulikuwa wa kweli, kwa kuwa uozo mwingi hulindwa na watu wa kawaida kabisa; ila jina likifichwa muda mrefu kiasi hicho, uzito wake hukua hadi hakuna jina linalotosha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba, kabla hujaitazama hiyo ya mwisho, urudi uitazame ya kwanza na ujiulize ilikuahidi nini hasa. Mimi na kaka tulifanya hivyo kwa kuchelewa, baada ya ugomvi wetu. Tulipofika pale Vic anapomgeuzia Terry bastola, kaka alisimamisha picha. Aliniambia kwamba Shane naye yumo ndani ya nyumba ile, na kwamba mara ya kwanza sote wawili tulikuwa tukimwangalia Vic peke yake.