Gari yangu iliamka imekaa kitako

Nina ndugu yangu yuko Kanada, mtoto wa mama mdogo, wiki mbili zilizopita kanitumia video anaendesha ile mashine yao ya kwenye theluji, ile yenye mkanda wa mpira nyuma na vitu kama mbao za kuteleza mbele, anaruka vilima vya theluji huku anacheka peke yake kama mwehu. Anasema ya kwake shokapu zinajirekebisha zenyewe kwa kompyuta. Alafu chini kaandika, "Kaka wewe ulishalia na hivi vitu, hebu niambie, vina maana au nimeliwa hela?"

Nikamrekodia sauti ya dakika sita. Baadae nikasema hapana, hii niiandike kabisa, maana hapa Tanga swali hilo hilo naulizwa karibu kila mwezi, tofauti ni kwamba watu wa hapa hawaulizi habari za theluji, wanauliza Prado, Crown na Land Cruiser za mtumba ambazo wauzaji wanakwambia "hii ni full, ina shokapu za umeme" na hapo hapo bei imepanda milioni mbili.

Yeye nilimwambia kula raha mdogo wangu. Shokapu za mashine zile, kampuni ya Ski-Doo wanaziita Smart-Shox, wenzao Polaris wana zao zinaitwa Dynamix, mtu ananunua mpya, ina waranti, na njia za theluji zikishapitwa na mashine nyingi zinajaa vishimo na vituta vimefuatana kama makaburi, unagongwa mgongo na magoti kutwa nzima, kwahiyo kitu kinachokaza na kulegea chenyewe kila tuta hapo kinafanya kazi kweli. Kisipokuwa sawa anairudisha dukani. Sisi tunanunua gari ya 2004 iliyozeekea Japani, ikaja kuzeeka tena huku. Hapo hesabu ni nyingine kabisa.

Kwanza tuelewane hiki kitu ni nini, maana wengi wanachanganya. Shokapu ni bomba lina mafuta na pistoni. Ukipita tuta springi inataka kucheza juu chini juu chini, shokapu inaituliza, mafuta yanalazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, yanagoma goma, ule mtikisiko unageuka joto (ndo maana ukiigusa baada ya rafu rodi ndefu inakuunguza). Vitundu vikiwa vipana gari inakuwa laini mpaka inaogelea, vikiwa vyembamba gari inakuwa ngumu lakini imeshika barabara. Shokapu ya kawaida ilishapimwa kiwandani, ndo hivyo mpaka ife. Hii ya umeme ina kimota au valvu ya sumaku inayobana na kuachia vile vitundu wakati unaendesha, sensa zinapeleka habari za spidi, usukani, breki, gari imeruka kiasi gani, kompyuta inaamua kabla hujapepesa jicho. Na wala siyo kitu cha jana, Toyota walikuwa nayo kwenye gari yao ya Soarer tangu 1983.

Sasa mimi. 2018 nilinunua Prado 120, toleo linaloitwa TZ, ina kirungu cha kuzungusha karibu na gia, hatua nne kutoka laini mpaka ngumu, na nyuma haina springi za chuma, ina mabegi ya hewa. Wallahi miezi ya mwanzo nilikuwa naongea habari za hiyo gari mpaka watu kijiweni wananikimbia. Enzi hizo barabara ya Pangani ni vumbi, ile vumbi yenye mistari mistari kama bati, naweka laini naenda zangu, chai haimwagiki. Mke wangu kona za Mombo kupanda Lushoto zilikuwa zinamshinda, tukifika Soni lazima tusimame atapike, nikaweka kirungu mwisho wa ngumu gari ikaacha kulala kwenye kona, tukafika Lushoto mjini anaulizia chakula. Kwahiyo asije mtu akakwambia ni urembo tu, tofauti ipo, tena unaisikia kwenye makalio.

Tatizo likaja taratibu. Likaanza na mlio, ukizima gari nje unasikia kitu kinanguruma chini huko, nguuuu, nkajua ndo inavyojipanga. Yale mabegi ni mpira, na mpira una mikunjo, kwenye mikunjo ndo vumbi linaingia linasaga, miaka kumi na nne mpira umeshakakamaa unapasuka nyufa ndogo ndogo, hewa inavuja kidogo kidogo. Gari ikiona imeshuka inaita kompresa, yaani pampu ya hewa, ijaze. Kompresa ile haikutengenezwa kufanya kazi kutwa nzima, ni ya kujaza dakika moja mbili ikapumzike. Mi sikujua. Nikaenda Muheza msimu wa machungwa, nikapakia viroba kama mtu mwenye Fuso, nikarudi Sahare usiku, nikalala. Asubuhi mtoto kaja chumbani, "Baba, gari imekaa kitako." Nikatoka, kweli, mbele imeinuka nyuma imelala kama mbwa anayesubiri mfupa, na mama mkwe yuko barazani na begi lake anataka kupelekwa Kange kuwahi basi la Dar. Tukampakia kwenye bajaji. Mpaka leo hajanisema, ila anaiangalia ile gari kwa jicho fulani.

Fundi wa kwanza (simtaji) akasema kompresa imekufa, akaniletea ya mtumba, laki sita. Ikafanya kazi wiki tatu ikaungua na yenyewe. Hakuna aliyeuliza kwanini ya kwanza ilikufa. Fundi wa pili, mzee mmoja wala hana mashine ya kupima wala nini, alichukua maji ya sabuni kwenye kopo la rangi akayapaka kwenye begi la kulia, mapovu yakatoka pale pale. Dakika mbili. Yaani laki sita yangu iliungua kwa kukosa sabuni ya kipande.

Nilipiga hesabu, mabegi mawili mapya, kompresa nyingine, bomba za hewa nazo zimeanza kukauka, nikaona hapana. Nikatoa mabegi yote nikaweka springi za nyuma za Prado ya toleo la TX, ambazo zinaingia bila kukata chuma, kitufe cha kurekebisha urefu nikakizima, basi. Shokapu za kirungu nikaziacha maana zilikuwa bado nzima, na hadi leo kirungu kinafanya kazi. Gari nyuma imekuwa ngumu kidogo ikiwa tupu, ukipakia inakaa vizuri. Mama mkwe bado anapendelea bajaji.

Hapo ndo nikapata swali langu ambalo sasa namuuliza kila anayetaka kununua. Usiniulize inaendeshaje ikiwa nzima, zote zikiwa nzima ni tamu. Niulize ikifa inakuwaje. Kuna zile za shokapu tu, springi ni za chuma kama kawaida, Toyota kwenye gari nyingi wanaziita AVS, utazikuta kwenye baadhi ya Crown. Hizi zikifa zinafia kwenye hatua moja, labda ngumu labda laini, taa inawaka, lakini gari inatembea, unafika nyumbani, mwezi ukiisha unaamua. Ikikushinda bei, maana nilipouliza dukani shokapu moja ya umeme ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kawaida, unafunga za kawaida na maisha yanaendelea, utabaki na taa tu. Za hewa kama Crown Majesta au nyuma ya hizi Prado za TZ zikifa gari inalala, huendi popote, na ukilazimisha unasaga vipira vya chini vya kuzuia chuma kugonga chuma na tairi linaanza kula bodi. Mtu wa Handeni huko au Kilindi ukaniambia unataka gari ya mabegi ya hewa iliyotumika, nakupenda lakini sitakuja kukuvuta.

Alafu kuna ya tatu ambayo watu wanaiogopa kuliko zote na mi nadhani wanaionea. Land Cruiser 100, ile yenye AHC, mfumo wa Toyota wa kupandisha na kushusha gari. Hii inatumia mafuta na mitungi midogo ya duara yenye gesi ya naitrojeni, mtindo ambao Citroën waliutumia kwenye gari yao ya DS mwaka 1955, ila Toyota wakaacha na springi za chuma zisaidie kubeba, mbele tosheni (fimbo ya chuma inayojipinda) nyuma koili. Mafundi wengi wakiona wanasema toa hii weka shokapu za kawaida, kwasababu hawajui kuisoma, na ukiwakubalia wanakutolea mfumo mzima unaobaki na miaka mingi ya kuishi ndani yake. Kuisoma ni rahisi mno. Fungua boneti tafuta chupa ya mafuta ya AHC ina mistari ubavuni. Gari inanguruma, ishushe chini kabisa kwa kitufe, angalia mafuta yako mstari wa ngapi, ipandishe juu kabisa, angalia tena. Mitungi mizima inakupa tofauti ya mistari kama 14. Ukipata 7 au pungufu gesi imekwisha, ndo maana gari inagonga kama mkokoteni, na dawa ni mitungi, wala siyo kung'oa kila kitu. Na mafuta yake yabadilishwe, watu wanakaa nayo miaka ishirini yamekuwa rangi ya kahawa alafu wanalaumu Mjapani.

Ila kabla hujafika huko kote, naomba sana, angalia tairi na bushi, vile vipira vya kwenye viungo vya chini ya gari. Jirani mmoja wa Chumbageni alikuja na Crown yake analalamika shokapu za umeme zimekufa, gari inaruka ruka, ameshaanza kutafuta nne mpya. Tukapima upepo tukakuta 45! Kijana wa pancha kajaza mpaka mkono umechoka. Tukarudisha 32, tukabadilisha bushi za mbele zilizoliwa na linki za stablaiza mbili, gari ikanyamaza kimya. Shokapu zake hazikuwa na neno. Watu wengi wanaotaka gari laini wanataka tairi yenye upepo wa halali na bushi mpya, hawajui tu.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu mwenyewe. Ukikaa Raskazone au popote unaposikia bahari, ile hewa ya chumvi haiachi kitu. Sensa ya urefu ni kimkono kidogo chini ya gari, na plagi zake za waya ziko wazi kwa kila tope, shaba inaota ukijani, kompyuta inapata habari za uongo, gari inapanda na kushuka kama imepandwa na shetani. Nimeona mtu anabadilisha kontroli boksi kwa hela nyingi kumbe ni plagi, ungechomoa, ukasugua, ukapaka grisi, umemaliza. Nyunyizia maji yasiyo na chumvi chini ya gari kila wiki, hasa ukitoka kupaki ufukweni.

Ukienda kukagua gari ya namna hii usikubali kuikuta imeshawashwa. Mwambie muuzaji alale nayo bila kuwasha, uende saa kumi na mbili asubuhi, simama nyuma yake uangalie imekaa usawa. Washa, sikiliza kompresa inachukua muda gani, ikizidi kulia lia ujue kuna mahali panavuja. Endesha kwenye rasta ukiwa umeweka laini, rudi ukiwa umeweka ngumu, kama makalio yako hayaoni tofauti basi hakuna tofauti, na ile milioni mbili ya "full" isahau. Ingia chini uangalie shokapu imelowa mafuta au kavu. Na kitu kimoja cha usalama, gari ya kujipandisha yenyewe usiipige jeki bila kuzima kile kitufe chake, inaweza kusikia imenyanyuliwa ikaanza kujirekebisha na wewe uko chini.

Kwahiyo mimi ningelipia? Kwa gari ya AVS tu, ikiwa nzima na bei ni ile ile ya isiyo nayo, nachukua na nafurahi. Kuongeza hela kwa ajili yake kwenye gari ya miaka ishirini, hapana. Mabegi ya hewa, hata ukinipa bure nitauliza kwanza springi zake zinapatikana wapi. Sasa mjomba wangu Korogwe anauza Land Cruiser 100 yake ya 2002, amechoka anasema imekuwa ngumu kama tela, fundi wake ameshamwambia AHC imekufa na ng'oa yote, kwahiyo bei ameishusha sana. Mke wangu nimemwambia naenda kumsalimia tu. Jumamosi nitakuwa pale mapema, na tochi, kuhesabu mistari.