Baiskeli, watoto na simu ya kupigia picha: Malindi fuata jua, ramani baadaye

Watu wananiuliza picha zetu za baiskeli nazipiga na kamera gani, najibu simu tu, tena ya kawaida, manake kwa hapa Malindi, pwani ya Kenya, uzuri wa picha unaanzia kwenye saa mliyotoka nyumbani. Wenzetu Marekani wana njia za baiskeli zilizotengenezwa juu ya reli za zamani, ile Katy Trail ya Missouri inapita kilomita 380, hakuna gari hata moja na hakuna mlima mkali kwa sababu treni haipandi mlima mkali. Sisi reli haikuwahi kufika lakini mji wetu ni tambarare, hata mtoto wa darasa la pili anatoka mjini mpaka kwenye nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, bila kuchoka, kitu cha kuchunga ni tuktuk na bodaboda tu.

Sasa sikia habari ya jua. Bahari yetu iko mashariki, kwa hivyo asubuhi jua linatoka majini na ukimsimamisha mtoto mbele ya bahari uso unakuwa mweusi. Usipigane nalo, litumie: nendeni jeti alfajiri, waweke watoto na baiskeli zao kati yako na jua, gusa pale penye mwangaza kwenye skrini upate vivuli vyeusi na anga la machungwa, na mashua zikirudi nyuma yao ndio basi tena. Lakini nguzo usiende asubuhi. Nguzo ni nyeupe na iko kwenye rasi, ile saa kumi na moja jioni jua liko nyuma yako upande wa mjini, linaipiga nguzo yote na bahari nyuma yake inakuwa buluu kabisa, na nyuso za watoto zinaonekana vizuri ingawa watakunja macho kidogo. Saa sita mchana wacha simu mfukoni mkanywe madafu.

Upepo nao uuangalie. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, tokeni mjini baada ya alasiri muelekee kusini miguu ikiwa bado na nguvu, mnaanza na lile kanisa dogo la makuti la Wareno, alafu nguzo, na kurudi upepo unawasukuma mpaka nyumbani kabla ya magharibi. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni kinyume, na tena msimu huo tope la mto Sabaki linasukumwa mpaka kwenye ghuba maji yanakuwa ya kahawia, kwa hivyo anayetaka buluu aende chini zaidi kule hifadhi ya bahari, ile ya tangu 1968.

Usipige picha huku unaendesha, tafadhali, na mtoto hata asijaribu. Sisi tunafanya hivi, mkubwa anatangulia kidogo mahali pasipo na gari, anashuka, anachuchumaa mpaka simu iwe sawa na usukani wa mdogo wake, alafu anatuita tuje mmoja mmoja na yeye anapiga mfululizo. Picha ya chini namna hiyo mtoto anaonekana mkubwa na barabara yote iko nyuma yake. Na mpe mtoto simu naye apige, wao wanaona vitu sisi tunapita tu, mnyororo, kivuli cha magurudumu, paka wa sokoni.

Mkisimama wape hadithi, wakisikiliza sura zinakuwa za kweli kuliko ukisema chekeni. Kwenye nguzo waambie Vasco da Gama alifika hapa 1498 akapewa nahodha wa kumuonyesha njia ya India, na waambie kabla yake, 1415, Malindi ilipeleka twiga mpaka China! Hapo ndio wa kwangu wanatoa macho, na mimi nabonyeza.

Kwenye yale makaburi ya zamani yaliyojengewa nguzo ya mawe karibu na Msikiti wa Juma hakuna kupanda wala kuegemeza baiskeli, ni makaburi ya watu. Na mvuvi au mama aliyevaa buibui huwezi tu kumuelekezea simu. Nawafundisha watoto waanze na shikamoo baba, tunaomba kupiga picha, akikataa wanasema asante na tunaenda zetu, akikubali wanamuonyesha picha kwanza kabla ya kuondoka, na mara nyingi hapo ndio mzee anajiweka sawa na ngalawa yake na kusema pigeni nyingine. Hizo ndio picha ninazozipenda kuliko zote za nguzo.

Mkifika nyumbani futa lenzi kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, chumvi ya bahari inatia ukungu kwenye picha zote za kesho, na mnyororo wa baiskeli uufute siku hiyo hiyo uutie oili.