Ifute hiyo safu ya kukanusha kabla ya Alhamisi

Mdogo wangu, nimeona jedwali ulilobandika la kuwafundishia Warusi Kiingereza na nimeshindwa kupita kimya. Must ni dolzhen, have to ni dolzhen, should ni sleduet, can ni mogu, halafu safu ya tatu umeandika "kukanusha: ongeza ne", yaani ne upande wa Kirusi, not upande wa Kiingereza. Hiyo safu ya tatu ifute. Alhamisi unakaa na Warusi watatu watu wazima, wanaokulipa, na Ijumaa asubuhi wataenda kazini kuandikia watu barua kwa hicho ulichowapa.

Nimesoma Voronezh, huko huko Urusi, miaka sita, na kuanzia mwaka wa tatu nilikuwa nafundisha Kiingereza jioni kama unavyotaka kuanza wewe. Jedwali nililoanza nalo ni hilo hilo. Nililinunua kwa kaka mmoja wa kwetu tuliyekuwa naye obshaga, yaani bweni la wanafunzi, mkongwe aliyefundisha kabla yangu. Alinipa fotokopi, akachukua hela yangu ya wiki nzima, akasema: "Warusi wanapenda jedwali. Wape jedwali, hawatakusumbua." Nilipokuja kumlalamikia baadaye akaniambia eti yeye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumrudia na malalamiko. Bila shaka hawakumrudia! Waliacha kuja, akadhani wamehitimu. Mtu mzima anamuuzia mdogo wake kitu ambacho mwenyewe hajawahi kukijaribu, halafu analala usingizi. Hilo mpaka leo linaniuma.

Sasa sikiliza lilivyonigharimu.

Nilikuwa na mama mmoja wa miaka hamsini hivi, karani wa mauzo kwenye kampuni ndogo ya mbegu za alizeti. Mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Daftari lake lina mistari ya rula, maneno mapya kwa wino wa bluu, makosa kwa penseli. Na yeye ndiye aliyeniletea wanafunzi wengine wanne wa ofisini kwake. Siku moja alikuwa anamwandikia mnunuzi wa nje kumtuliza kwamba hakuna haraka ya kulipa, mwisho ni Ijumaa. Kwa Kirusi kichwani mwake ilikuja hivi: vy ne dolzhny platit do pyatnitsy. Maana yake kwake: hamlazimiki kulipa kabla ya Ijumaa. Akafungua daftari, akakuta jedwali langu, akafuata safu ya tatu kama nilivyomfundisha. Akaandika: "You must not pay before Friday."

Soma tena hiyo sentensi. Hiyo si "hamlazimiki". Hiyo ni "msilipe, ni marufuku". Malipo ya mnunuzi yalikuwa tayari tangu Jumanne, mhasibu wake akayazuia kwa kutii barua. Ijumaa ikafika, akalipa jioni, benki zikafunga wikiendi, hela ikaingia wiki iliyofuata. Lori lililokuwa limekodiwa likaondoka bila mzigo, na gharama yake bosi akaikata kwenye bonasi ya yule mama.

Alikuja somo lililofuata na ile barua imechapishwa. Hakuvua koti. Aliiweka mezani, pembeni yake akafungua daftari kwenye ukurasa wa jedwali, akaweka kidole cha mkono mmoja kwenye must not ya barua na kidole cha mkono mwingine kwenye must not ya mwandiko aliounakili kutoka kwangu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza tu kwa upole: "Hili umenifundisha wewe, au nimekosea kunakili?" Nikamwambia hukukosea kunakili. Nikamrudishia hela ya masomo manne. Akashukuru, akaondoka, na wale wanne wa ofisini kwake nao sikuwaona tena. Wanafunzi watano ndani ya wiki moja, wakati kodi ya bweni na nauli vyote vilitoka humo.

Na wale wanaojiandaa kuniandikia "mwalimu gani hajui must", karibuni. Maana ya must not niliijua tangu sekondari. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ne dolzhen ya Kirusi ina vyumba viwili.

Hapa ndipo penyewe. Dolzhen linatokana na dolg, deni. On mne dolzhen sto rubley, namdai ruble mia. Ukimwambia Mrusi ty mne nichego ne dolzhen, umemwambia huna deni langu, uko huru. Lakini baba akimwambia mwanawe ty ne dolzhen vrat, hamwambii si lazima useme uongo, anamwambia usiseme uongo. Ne dolzhen ile ile, mlango wa kwanza uko wazi, wa pili umefungwa. Mrusi anatofautisha kwa kusikia mazungumzo, hana shida. Kiingereza kimeweka milango miwili tofauti: don't have to ni wazi, mustn't ni kufuli. Kwenye kukubali must na have to zinakaribiana mpaka mwanafunzi anaona ni mamoja. Ukikanusha tu, zinaachana kabisa.

Na sisi Waswahili tusivyo na sababu ya kukosea hapa! "Si lazima ulipe" na "lazima usilipe." Kinachohama ni mahali pa kukanusha, na hata mtoto wa darasa la pili hazichanganyi. Nilikuwa na ufunguo mdomoni tangu nazaliwa, nikaenda kununua fotokopi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: ne dolzhen isiingie kabisa kwenye daftari la mwanafunzi wako. Mustn't mwandikie nelzya, yaani hairuhusiwi. Don't have to mwandikie ne obyazatelno, au mozhno ne, yaani inaruhusiwa kutofanya. Ne obyazatelno ndiyo "si lazima" yetu, neno kwa neno. Akikuletea sentensi yenye ne dolzhen, usimruhusu aitafsiri kwanza. Mwambie aiseme upya kwa Kirusi: ni nelzya, au ni ne obyazatelno? Akishachagua, Kiingereza kinakuja chenyewe.

Mfano utakaowaingia wote watatu ni viatu. Ukifika nyumbani kwa Mrusi unavua viatu mlangoni, ila mwenyeji akiona unahangaika na kamba atakwambia mozhete ne razuvatsya, unaweza usivue. Waulize mtamwambiaje mgeni wa Uingereza. Wangu mmoja alijibu kwa kujiamini: "You must not take off your shoes." Nikamwambia mgeni wako atadhani sakafuni kuna vioo vilivyovunjika! Wakacheka, na tangu siku hiyo "you don't have to take off your shoes" hawakuisahau. Rudia na sentensi kumi za namna hiyo za maisha yao wenyewe, ofisini, hospitali, kwenye basi. Usizitoe kitabuni. Wengi wao wamekaririshwa shuleni kama shairi: must I, no you needn't, na hiyo needn't ni "si lazima" ile ile. Wanalisema vizuri sana, na bado barua zao zina must not.

Angalizo kwenye nelzya, maana nalo lina mtego. Nelzya otkryvat okno ni usifungue dirisha, hapo mustn't. Nelzya otkryt okno ni dirisha limegoma, halifunguki, hapo can't. Kitenzi ndicho kinachobadilika, kwa hiyo sikiliza kitenzi.

Mengine ni madogo. Watasema "I must to go" kwa sababu wanaona to ndiyo ile t ya mwisho ya vitenzi vyao. Watasema "the train must come at five" kana kwamba treni imepewa amri, wape should. Ya umeyu (najua kufanya) na ya mogu (naweza) zote zinaingia kwenye can, hilo halina madhara. Hakuna atakayekatwa bonasi kwa hayo.

Hiyo safu ya tatu ndiyo ya kuogopa. Kama umeshawatumia hilo jedwali kwenye simu, waandikie usiku huu huu waifute, kisha Alhamisi anza na viatu.