Maswali Yenu: Je, nipande rola kosta kongwe yenye vitanzi?

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Chumbageni, Tanga. Mwezi ujao, Mungu akipenda, ninasafiri kwenda kwa kaka yangu California, na mwanawe ameapa kwamba shangazi hatarudi Tanga kabla hajapandishwa Viper, rola kosta (treni ya burudani inayokimbia kwa kasi juu ya reli za milima na mizunguko) ya mwaka 1990 iliyoko katika bustani ya burudani ya Six Flags Magic Mountain, ambayo humpindua mtu kichwa chini miguu juu mara 7. Kwa nini watu hawadondoki? Chombo cha umri huo kinaaminika? Nimesikia pia kwamba zile za zamani humgonga mtu kichwa. Ninatumia dawa za presha, ingawa ninajisikia mzima.

JIBU: Waaleikum salaam, dada yetu. Nianze na hofu ya kudondoka, kwa kuwa jibu lake unalo nyumbani. Tia maji nusu katika ndoo ndogo, ishike mpini, kisha izungushe kwa nguvu ubavuni mwako hadi ipite juu ya kichwa. Maji hayamwagiki, kwa sababu yanataka kwenda mbele moja kwa moja na kitako cha ndoo ndicho kinachoyalazimisha kukunja njia. Katika kitanzi, yaani pale reli inapopanda na kujizungusha kama duara lililosimama, wewe ndiwe maji yale, na kiti chako ndicho kitako cha ndoo. Magari nayo hayachomoki relini, kwa kuwa yana magurudumu ya aina tatu: yanayobeba uzito, yanayobana reli ubavuni, na yanayopita chini yake. Haya ya chini yalipewa hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1919 kwa jina la John Miller wa Marekani, na mpaka leo ndiyo yanayoshikilia treni pindi inapotaka kuruka.

Jambo gumu zaidi lilikuwa umbo la kitanzi. Mwaka 1895, huko Coney Island, New York, ilijengwa Flip Flap yenye kitanzi kidogo cha duara kamili, na abiria wakashuka wakilalamika shingo na migongo. Hesabu yake inaeleweka: katika duara kamili, hata treni ikienda polepole kiasi kwamba pale juu abiria hahisi uzito wowote, kule chini atahisi uzito wake mara 6. Mtu wa kilo 60 anakuwa kama kilo 360, yaani zaidi ya magunia matatu ya mahindi, na mzigo huo unamwangukia ghafla. Dawa ilipatikana vizuri mwaka 1976, na imo katika bustani hiyohiyo unayokwenda. Revolution, iliyojengwa na Mjerumani Anton Schwarzkopf kwa hesabu za mhandisi Werner Stengel, ina kitanzi chenye umbo la tone la maji lililopinduliwa: mkunjo ni mpana chini, ambako mwendo ni mkali, na ni mdogo juu, ambako mwendo umepungua. Mimi naliona hilo kuwa moja ya mambo mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa kwa chuma.

Kuhusu umri, usihofu miaka peke yake. Mafundi huikagua njia kila asubuhi na kuendesha treni tupu kabla ya wageni kuingia, na vipuri vinavyochakaa hubadilishwa. Ule mlio wa ka-ka-ka utakaousikia mnapovutwa kilimani kwa mnyororo si wa uchakavu. Ni meno ya chuma yanayozuia treni isirudi nyuma.

Ya kugongwa kichwa ni kweli, wala sitakuficha. Unapopanda basi la Lushoto, kona za baina ya Mombo na Soni hukuyumbisha, lakini dereva huziingia taratibu na mwili hupata nafasi ya kuegemea. Njia nyingi za kizazi cha Viper zilichorwa kabla kompyuta hazijazoeleka katika kazi hiyo, na reli hujisokota ghafla, hivyo kichwa, kilicho mbali na reli, hutupwa upande na kukutana na chuma cha mabegani kinachomfunga abiria kitini. Niliwahi kupanda moja ya rika hilo nikiwa na hereni masikioni. Katika msokoto wa mwisho sikio la kushoto lilibanwa baina ya hereni na chuma, na kwa siku mbili sikuweza kulalia ubavu huo. Kwa hiyo vua hereni na miwani. Usivae mtandio wa pini wala wenye ncha zinazopepea. Vaa ushungi ulioshonwa unaobana vizuri. Omba kiti cha katikati, kandamiza kisogo kwenye kiegemeo, kaza shingo, na macho yaitazame reli inakoelekea ili mwili usishtukizwe.

Nimeiacha presha mwisho kwa kuwa ndiyo inayoamua. Kujisikia mzima hakutoshi, dada yangu. Presha haina desturi ya kubisha hodi, na bustani hizi zenyewe huwaonya wenye presha na maradhi ya moyo, shingo au mgongo wasipande. Kabla hujasafiri, mweleze daktari wako kila nilichokiandika hapa, mwendo wa kilomita 112 kwa saa na kupinduliwa mara 7, akupime na aseme neno lake. Akikataa, usipande hata kama kijana atanuna. Akikubali, anza na Revolution, ambayo ina kitanzi kimoja tu na tangu mwaka 2016 hukufunga kwa chuma cha mapajani bila cha mabegani. Ukishuka, kaa kwenye benchi robo saa, unywe maji, uone kichwa na moyo vinasema nini, ndipo uamue juu ya Viper, na mtoto wa kaka asikuharakishe.