Voltimita ya valvu na chumvi ya Lamu: safisha kwanza, valvu baadaye

Assalaam aleikum. Ndugu yetu wa Mkomani, Lamu, ameuliza hivi: ana voltimita ya valvu ya Kimarekani (kipimo cha volti kinachofanya kazi kwa valvu, zile taa za kioo za redio za zamani), Heathkit V-7A, iliyokaa stoo miaka mingi. Ameiwasha kidogo akaona mambo mawili. Akigusanisha ncha za kupimia na kuweka sindano sufuri, kisha akaziachanisha, sindano inapanda yenyewe. Na kiwango cha 1.5 V kinasoma sawa, ilhali cha 500 V kinasoma juu karibu sehemu moja ya kumi. Ameshauriwa anunue valvu mpya, ile ya 12AU7.

Asinunue chochote bado. Dalili zote mbili huweza kuletwa na umeme unaovuja juu ya vitu visivyopaswa kupitisha umeme, na huku kwetu mvujishaji wa kwanza ni chumvi. Redio ya valvu ikivuja kidogo itaendelea kuimba na msikilizaji hatajua. Kipimo kikivuja kidogo kinakudanganya, na wewe unabadilisha vitu vizima kwa ushahidi wa uongo.

Kabla ya hayo, umeme. V-7A imetengenezewa 117 V na 60 Hz; sisi tuna 240 V na 50 Hz. Watu hukumbuka volti wakasahau hezi. Kiini cha transfoma hujaa sumaku kwa kadiri ya volti ukigawanya kwa hezi, kwa hiyo 110 V ya 50 Hz ni mzigo sawa na 132 V ya 60 Hz. Ukitaka kuwa sawa kabisa na muundo wake ungeshuka hadi 97 V, lakini hapo heta za valvu (nyuzi za kuzipasha moto) zinapata 5.2 V badala ya 6.3 V, na huko ni kuzinyima. Kaa kwenye 110 V, ambapo heta hupata karibu 5.9 V, ndani ya asilimia 10 inayoruhusiwa. Angalia lakini: stepdauni (transfoma ya kushushia volti) ya 240/110 ikilishwa 250 V inatoa 115 V, kwa hiyo pima kinachotoka, usiamini kibandiko. Ya wati 50 inatosha kabisa. Baada ya saa moja shika transfoma ya mita. Ukishindwa kuacha mkono juu yake kwa kuhesabu hadi tano, volti ni nyingi au kuna kapasita inayovuja.

Kuwasha mara ya kwanza kufanyike kupitia balbu ya nyuzi ya wati 40, ile ya zamani, imefungwa mfululizo upande wa 240 V kabla ya stepdauni. Ya LED haifai kwa kazi hii. Balbu ikimweka na kufifia, sawa. Ikibaki inang'aa, zima, kuna shoti.

Sasa usafi, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi huchukua spiriti na mswaki, akasugua, kikang'aa, akaona amemaliza. Spiriti huondoa mafuta, chumvi haiyeyushi ila kidogo sana. Chumvi huondoka kwa maji. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa, yale ya chupa yanayouzwa vituo vya mafuta vya kuongezea betri ya gari, na soma chupa vizuri maana asidi ya betri nayo huuzwa kwa chupa zinazofanana. Maji ya kisima ya Lamu usiyaguse kwa kazi hii. Ya mvua kutoka jabia pia hapana, yamepita kwenye dari na chokaa.

Chovya brashi laini, pitisha kwenye soketi za valvu, kwenye vipande vya kufungia waya, na kwenye visahani vya swichi. Visahani vya kauri havina shida. Vile vya kahawia vya karatasi ngumu hunywa maji pembeni, kwa hiyo brashi iwe na unyevu tu, isidondoshe. Transfoma na mita yenyewe yenye sindano usiziloweshe kamwe. Futa, rudia mara ya pili kwa maji mapya, kisha ndiyo upitishe isopropili ya kufukuza maji. Baada ya hapo weka kifaa ndani ya katoni lenye matundu pamoja na balbu ya wati 40 isiyogusa kitu, joto la kama digrii 45, siku mbili. Kukianika juani darini wakati wa kusi ni kukirudishia chumvi ile ile.

Utajuaje kama pamekuwa safi? Mita ya kidijitali kwenye omu kwa kawaida huishia 20 au 40 MΩ (megaomu, yaani omu milioni), na uvujaji unaotusumbua ni wa mamia na maelfu ya MΩ, hivyo itakuonyesha "wazi" hata pakiwa pachafu. Tumia njia hii, ambayo inafaa kwa swichi, soketi na kapasita pia. Chukua betri tatu za 9 V, ziunge mfululizo upate 27 V. Peleka chanya upande mmoja wa kitu unachokishuku. Upande wa pili unganisha na ncha nyekundu ya mita ya kidijitali ikiwa kwenye volti za DC, na ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Mita nyingi za kidijitali zina ukinzani wa 10 MΩ zikipima volti, kwa hiyo yenyewe inakuwa mizani. Ukisoma 2.45 V, uvujaji ni 100 MΩ. Ukisoma 0.27 V, ni 1000 MΩ. Mimi sifungi kifaa hadi swichi isome chini ya 0.1 V, yaani zaidi ya 2600 MΩ. Hakikisha umeng'oa waya mmoja wa upande unaopima, la sivyo unapima rezista za mita. Na usishike kwa vidole vya jasho, jasho nalo ni chumvi.

Turudi kwenye dalili zake. Ndani ya V-7A kuna ngazi ya rezista, yaani rezista zilizofuatana za kugawa volti, yenye jumla ya 10 MΩ, na 1 MΩ nyingine imo kwenye ncha ya kupimia. Kwenye kiwango cha juu, gridi (mguu wa valvu unaopokea volti inayopimwa) huchukua sehemu ndogo sana ya chini ya ngazi. Chumvi ikijenga njia ya 100 MΩ kwenye swichi, kutoka juu ya ngazi hadi pale gridi inapochukulia, inaongeza usomaji kwa karibu asilimia 9. Kwenye 1.5 V gridi iko juu kabisa ya ngazi, kwa hiyo njia hiyo hiyo haibadilishi chochote. Ndiyo sababu kiwango kimoja kiko sawa na kingine kinadanganya, na ndiyo sababu kosa huzidi siku za unyevu. Ukikaza skrubu ya kurekebishia ili 500 V isome sawa, umeharibu 1.5 V.

Sindano kupanda ncha zikiachana ni suala la mkondo kwenye gridi. Mkondo wa 0.01 µA ukipita 10 MΩ unazaa 0.1 V, na hiyo kwenye kiwango cha 1.5 V unaiona waziwazi. Unaweza kutoka ndani ya valvu, hewa ikiwa imeingia. Unaweza pia kutoka nje: kwenye 12AU7 pini 1 ni anodi (mguu wenye volti ya juu) na pini 2 ni gridi, zimekaa ubavu kwa ubavu. Anodi ikiwa na 70 V, chumvi yenye ukinzani wa 7000 MΩ kati ya pini hizo inatosha kuleta kosa lile lile. Vyanzo vyote viwili husukuma sindano upande mmoja, kwa hiyo mwelekeo hautakuambia kitu. Safisha soketi, kausha, pima tena. Ikibaki, hapo tafuta valvu: ECC82 ndiyo hiyo hiyo kwa jina la Ulaya, na 6AL5, valvu ya pili ya mita hii, huitwa EB91 au EAA91. Valvu mpya iache ikiwaka siku mbili kabla ya kurekebisha sufuri.

Kapasita za karatasi badilisha zote bila kupima, weka za plastiki za thamani ile ile na volti sawa au zaidi. Ya chujio, ile ya kulainisha umeme wa DC, weka 22 µF ya 250 V. Rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) ya seleniamu ukibadilisha kwa diodi ya 1N4007, upande wenye mstari uende palipoandikwa +, na uweke rezista mfululizo, anzia 1 kΩ ya wati 2, hadi volti irudi ilivyokuwa. Seleniamu ikiungua hutoa moshi wa sumu wenye harufu ya uozo. Zima, fungua madirisha, toka nje.

Lehemu iwe ya bati na risasi, 60/40. Ile asidi ya mafundi wa bati isikaribie hapa, inakula waya polepole. Springi ya betri ya ndani, inayotumika kupimia omu, ikwangue ing'ae: katikati ya kiwango cha R×1, kile kidogo kabisa cha omu, ni 10 Ω, hivyo nusu omu ya kutu ni kosa la asilimia 5.

La mwisho ni waya wa umeme. Weka wa nyuzi tatu, arthi ifungwe kwenye gamba la chuma la mita. Lakini pima kwanza kama ncha nyeusi imeshikana na gamba, kwa sababu mita nyingi za aina hii ziko hivyo. Ikiwa imeshikana, ncha hiyo sasa ni arthi, na usiibane kamwe kwenye gamba la redio isiyo na transfoma.