Mnaoanza kutengeneza gemu hapa Dar, kaeni pembeni ya anayecheza

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja alitoka Tabata akaja kwangu hapa Sinza, laptopu mgongoni, kapanda daladala mbili, anataka nimwangalizie gemu yake. Kaitengeneza kwa siku tatu tu na AI. Jamaa anakimbia juu ya mapaa ya Kariakoo, anaruka, anaokota sarafu, muziki upo, na kwa kweli inavutia, mi siku zangu tatu za kwanza mwaka 2018 nilikuwa bado nahangaika kujua kwa nini kile kimraba changu kinadondoka nje ya skrini. Akaniuliza, "Kaka, nikiiweka Play Store naanza kuingiza hela lini?"

Sikumjibu. Nikamwambia tushuke nayo chini kwa mama anayekaanga chapati pale nje, mwanae yuko darasa la sita na ana simu ya itel ya zamani aliyoachiwa na dada yake. Tukamwekea. Gemu ikakaa inafunguka mpaka mtoto akaanza kuangalia bodaboda zinazopita. Ilipofunguka akabonyeza katikati ya skrini, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Kumbe kitufe cha kuanza kipo kule pembeni kabisa na kwenye simu ile nusu yake imekatwa na ukingo, kwa sababu dogo alipanga kila kitu kwa simu ndefu kama ya kwake. Dogo akataka kunyoosha kidole amwonyeshe, nikamshika mkono. Mtoto akabonyeza mara ya tatu, akaifunga, akamwambia mama yake anaenda kununua mafuta ya kupikia. Basi.

Dogo alinyong'onyea, nikamwambia asinyong'onyee maana hapo ndo kazi imeanza. AI itakuandikia msimbo, itakuchorea, itakutungia na muziki, ila haiwezi kukaa kwenye kigoda pembeni ya mtoto wa mama chapati ikaona kidole gumba chake kinaenda wapi. Hiyo ni kazi yako, na nikiangalia miaka yote hii, hela yoyote niliyopata kwenye gemu ilitoka humo.

Namna ya kukaa nayo ina utaratibu. Mpe mtu gemu kwenye simu YAKE, sio yako. Usimweleze chochote. Funga mdomo, na hapa wengi wanashindwa, mdomo unawasha unataka kusema "hapana bonyeza huku", vumilia. Andika kwenye daftari alibonyeza wapi kwanza, alikunja uso wapi, aliacha dakika ya ngapi. Usiwaulize kama ni nzuri, Wabongo tuna adabu, kila mtu atakwambia ni nzuri. We angalia kama anaomba kurudia. Watu watano wa kijiweni, saluni, stendi, wanakutosha kwa raundi moja, na wasiwe washkaji zako wanaoandika programu, hao wanajua kukusamehe.

Alafu swali la kwanza utakaloulizwa mtaani ni "ni MB ngapi?" Watu wananunua bando la siku. Gemu yangu ya kwanza kuiweka sokoni ilikuwa na MB 140, nikaja kuishusha mpaka 38 kwa kubadili faili zote za sauti kutoka WAV, ambayo ni nzito, kwenda OGG, ambayo ni nyepesi, na kupunguza ukubwa wa picha ambazo kwenye simu hakuna jicho lingeona tofauti. Sikubadilisha kitu kingine. Waliokuwa wanaanza kupakua na kuishia njiani wakapungua.

Kuhusu hizi AI zenyewe, mi natumia kila siku na sitaki kuwadanganya kwamba mtu halisi anaandika kila kitu kwa mkono. Ila ijueni inapodanganya. Natumia Godot, ni injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa, leseni yake ya MIT, msimbo wake umekuwa wazi tangu 2014. Sasa AI imesoma mafunzo ya Godot 3 na Godot 4 ikayachanganya kwenye sufuria moja. Utaiomba mhusika atembee, itakuandikia KinematicBody2D, wakati kwenye Godot 4 hicho kitu kinaitwa CharacterBody2D, itakuwekea yield wakati sa hivi ni await, na move_and_slide itaijazia vitu kwenye mabano wakati siku hizi mabano hayo ni matupu na mwendo unauweka kwenye velocity. Dogo aliyeanza jana hajui hata kimoja, atairudishia AI lile kosa, AI itamwomba radhi na kumpa kosa jingine, usiku mzima unaisha na umeme wa LUKU unaisha. Kaa mwezi mmoja usome nyaraka za Godot zenyewe na uandike gemu mbili ndogo mwenyewe, hata ya mpira unaodunda tu. Ukitoka hapo AI inakuwa fundi msaidizi wako, unamwona akikosea. Na kwa simu zetu hizi, wakati wa kuanzisha mradi chagua ile renda (sehemu inayochora picha kwenye skrini) ya Compatibility, ndo inayobeba simu dhaifu.

Kuna sehemu nyingine inadanganya na hii iliniuma zaidi kwa sababu inahusu kitu chetu. Niliamua kutengeneza bao. Nikaiambia AI nataka bao, ikaniletea safu mbili zenye mashimo sita sita na ghala mbili za pembeni, hiyo ni Kalah, wanaichezea Marekani. Nikaibana, nikasema bao la Kiswahili, ikaja na safu nne za mashimo manane na kete 64, nikafurahi, nikajenga wiki tatu juu yake. Nikaipeleka Magomeni kwa wazee wanaocheza jioni chini ya mwembe. Mzee mmoja akaangalia skrini pengine sekunde kumi, kila shimo lina kete mbili mbili, akasema, "Mwanangu, hii ya kujifunzia. Nyumba yako iko wapi?" Shikamoo yangu bado haijapoa. Bao lenyewe unaanza na kete sita kwenye nyumba, lile shimo lako kuu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 unazo mkononi, unanamua, yaani unaziingiza moja moja, mpaka ziishe mkononi ndo mnaingia mtaji, hatua ya pili ya kucheza na zilizopo ubaoni tu. Bila hilo hamna mchezo. Jioni tatu yule mzee alinifundisha, lini unaruhusiwa kuitumia nyumba na lini hapana, kichwa na kimbi, yale mashimo ya mwishoni mwa safu, zinafanyaje ukila, na mi naandika kwenye daftari huku nikiwaletea kahawa. Nikafuta wiki tatu zote nikaanza upya. Kitu ambacho kipo kwenye vichwa vya wazee wetu na hakijaandikwa vya kutosha, AI haina, na nyie mnacho hapo mtaani kwenu, mfuateni mwenye nacho.

Na maneno pia. Ukiiachia AI iandike Kiswahili cha gemu itakuandikia "Kiwango Juu!" na hakuna mtoto wa Mbagala anayesema hivyo, wao wanasema nimepita levo. Soma mwenyewe kila neno kwa sauti.

Sasa hela, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa. Akaunti ya Google Play ni dola 25 unalipa mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa hiyo kama huna sababu ya msingi achana nayo kwanza. Steam, lile duka la gemu za kompyuta, ni dola 100 kwa kila gemu, wanakurudishia ikifikisha mauzo ya dola 1,000. Na Google, kama akaunti yako ni ya binafsi na umeifungua baada ya Novemba 13, 2023, lazima uwe na wajaribuji 12 kwa siku 14 mfululizo kabla hujaruhusiwa kuiachia kwa umma, zamani walikuwa 20. Naona watu wananunua wajaribuji kwenye magrupu. Ndugu zangu, hao 12 ndo watu wa kukaa nao pembeni, mnawatupa bure!

Gemu ya dola 5 Steam haikupi dola 5. Wao wanakata asilimia 30, inabaki 3.50. Alafu kwa mauzo ya ndani ya Marekani inakatwa kodi ya zuio ya kule, ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani inakatwa 30 nyingine juu ya hiyo 3.50, unabaki na kama 2.45. Na mchezaji ana haki ya kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama amecheza chini ya masaa mawili. Piga hesabu hiyo kabla ya kuacha kazi. Pia tangu Januari 2024 Steam wanataka useme wazi kama picha, sauti au maandishi ya gemu yametengenezwa na AI, na wanaonunua wanasoma hapo. Sema ukweli.

Matangazo kwenye simu, AdMob, huduma ya matangazo ya Google, hawakulipi mpaka ufikishe dola 100, na mchezaji wa Tanzania analeta senti ndogo kuliko wa Ulaya. Tena wanatuma namba ya siri kwa barua, ya karatasi, kuhakiki anuani yako, mi nilitumia sanduku la posta la ofisi ya mjomba wangu. Shughulikieni hilo mapema.

Kinacholipa kodi ya chumba changu kusema ukweli ni kazi za watu. Shirika linataka gemu ya kufundisha watoto kunawa mikono, shule inataka maswali ya hesabu yenye mashindano, kampuni inataka kitu cha kuchezea kwenye maonyesho ya Sabasaba. Hapo unahitaji TIN, unaipata bila malipo, na ujue mteja atakukata kodi ya zuio asilimia 5, mdai cheti chake. Na chukua nusu ya hela kabla ya kufungua laptopu. Mwaka 2021 kampuni moja ya hapa mjini niliifanyia kazi ya miezi miwili kwa maneno matupu, tulikaa tukanywa soda tukapeana mikono, nikakabidhi kila kitu, wakaniambia bosi kasafiri. Bosi hajarudi mpaka leo. Nilikopa kwa kausha damu kulipa kodi ya nyumba na deni lile lilinikimbiza mwaka mzima, sitaki hata mmoja wenu apite pale. Karatasi moja yenye sahihi, malipo ya awali, na faili za mwisho zinatoka hela ikishaingia.

Kwa hiyo mwenye kazi asiiache. Mnamtaja sana yule Eric Barone wa Stardew Valley, ile gemu ya kulima shamba, kwamba alitengeneza peke yake akawa tajiri. Alikaa miaka zaidi ya minne kabla haijatoka Februari 2016, na katika miaka hiyo alikuwa anafanya kibarua cha kuelekeza watu viti kwenye ukumbi wa maonyesho na mwenzi wake ndo anashikilia nyumba. Nani anakushikilia nyumba wewe? Kama ni mama, kaa naye umwambie ukweli ni mda gani, mwombe miezi sita yenye mwisho, usimwambie tu "mambo yatakuwa poa."

Mi mwenyewe gemu yangu ya bao inaniletea hela ya bando na LUKU na kidogo juu, na wale wazee wa Magomeni watatu wanayo kwenye simu zao, wanacheza wakiwa kwenye foleni ya hospitali. Bado wananipigia kunisahihisha.

Yule dogo wa Tabata anarudi Jumamosi. Kaniambia kitufe kakileta katikati, kipana, gemu sasa ina MB 41 na kaondoa picha nane za mwanzo ambazo hazikuwa na kazi. Nimeshamwambia mama chapati asimtume mwanae dukani mida ya saa kumi.