Kabla ya Kuuliza Makato, Uliza Kama Pesa Yako Itafikika

Mwezi Novemba mwaka 2021, wiki ya tatu baada ya kufika Leipzig, Ujerumani, kwa masomo, nilikaa jikoni katika bweni la wanafunzi nikiitazama akaunti yangu ya Tanzania kwenye simu. Salio lilikuwepo lote, shilingi milioni mbili na ushei, lakini sikuweza kuligusa, kwa sababu kila nilipojaribu kuhamisha fedha benki ilituma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania, na laini hiyo nilikuwa nimeiacha Tanga ndani ya droo ya kabati la mama. Nilipowaandikia wahudumu wa benki kuomba namba ibadilishwe, walinijibu kwa adabu kwamba nifike tawini na kitambulisho. Kabla ya safari nilikuwa nimetumia majuma mawili kulinganisha makato ya benki nne, na sikuwa nimeuliza hata mara moja namna nitakavyoingia kwenye akaunti nikiwa nje ya nchi.

Vijana wanaopata nafasi za masomo Ujerumani hunipigia simu wakiuliza benki ipi ni nafuu. Huwajibu kwamba unafuu ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: simu ikiibiwa, kadi ikimezwa na mashine, au benki ikiifungia akaunti yako kwa kuutilia shaka muamala uliofanyika ugenini, utaifikiaje pesa yako bila kupanda ndege? Makato ya yuro tano huuma siku moja, ilhali pesa isiyofikika hukulaza na njaa.

Suala la laini ni zito kwetu Watanzania kuliko wengi wanavyodhani. Tangu usajili kwa alama za vidole ulipokamilishwa mwezi Januari 2020, laini iliyopotea hurudishwa kwa mwenyewe kufika kwa wakala au dukani na kuweka kidole. Ndugu yako hawezi kukuwekea kidole. Kwa hiyo ondoka na laini yako, iwekwe kwenye simu ya pili hata kama ni kitochi, hakikisha huduma ya kutumika nje ya nchi imewashwa, na uiongezee salio mara kwa mara, kwa sababu laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Kisha uliza benki kama ina njia nyingine ya uthibitisho, yaani programu ya simu inayotoa namba yenyewe bila kutegemea ujumbe mfupi. Benki yenye njia hiyo ndiyo ningeichagua, hata kama makato yake ni makubwa kidogo. Uliza vilevile akaunti hukaa muda gani bila muamala kabla ya kuhesabiwa kuwa imelala, kwa sababu kuiamsha nako mara nyingi huhitaji mwenyewe kuonekana tawini.

Kwa anayekwenda kusoma Ujerumani, shughuli za benki huanza kabla ya viza. Ubalozi hutaka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu, na njia iliyozoeleka ni akaunti iliyozuiwa, ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto: unaweka fedha za mwaka mzima, nawe unaruhusiwa kutoa sehemu moja tu kila mwezi. Nilipoondoka mimi kiwango kilikuwa yuro 10,332, sawa na yuro 861 kwa mwezi. Tangu Septemba 2024 kimekuwa yuro 11,904, sawa na yuro 992 kwa mwezi. Familia yangu ilichanga, tukauza na kiwanja kidogo, kisha baba akaenda benki kutuma yuro 10,332 kamili. Zilifika pungufu ya yuro ishirini na kitu.

Upungufu ule ulitokana na namna fedha zinavyosafiri. Benki ya Tanzania na ile ya Ujerumani mara nyingi hazina akaunti baina yao, kwa hiyo fedha hupitia benki moja au mbili za katikati, na kila moja inaweza kukata chake njiani. Fomu ya kutuma huwa na sehemu ndogo yenye herufi tatu ambayo karani hujaza bila kukuuliza: SHA, maana yake mtumaji na mpokeaji wanagawana gharama, BEN, mpokeaji anabeba zote, na OUR, mtumaji analipa zote ili kiasi kifike kama kilivyo. Kwa ada ya chuo, kodi ya nyumba au akaunti iliyozuiwa, taka OUR, na bado ongeza kidogo juu, kwa kuwa nimeona hata OUR ikifika na pengo. Sisi tulilazimika kutuma yuro 50 nyingine, na gharama ya kuzituma ilikaribia kuzila zenyewe, huku siku ya miadi ya ubalozi ikisogea.

Ukishafika Ujerumani utahitaji akaunti ya kawaida ya huko, na hapo utakutana na benki za aina mbili: zenye matawi, kama Sparkasse na benki za ushirika, na zile zinazoishi ndani ya simu tu. Za simu hufunguliwa haraka na nyingi hazina ada ya mwezi, ila hukutambua kwa video, na kampuni ya kwanza niliyoijaribu haikuikubali pasi ya Tanzania. Nilikwenda kwenye tawi nikiwa na pasi, barua ya chuo na karatasi ya usajili wa makazi inayotolewa na ofisi ya mji, nikafunguliwa akaunti siku ileile. Ukikataliwa, usiondoke kimya kimya. Tangu Juni 2016 sheria ya Ujerumani inampa kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata mwomba hifadhi, haki ya kufunguliwa akaunti ya msingi, Basiskonto, na benki hupaswa kuamua ndani ya siku kumi za kazi. Litamke neno hilo kaunta, utaona sura zinavyobadilika. Amana katika benki za Umoja wa Ulaya hulindwa hadi yuro 100,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kinga hiyo haiwahusu watoa huduma wa kutuma fedha wasiokuwa benki, hivyo usiwafanye kibubu.

Kutoka Ujerumani kwenda Tanzania, fomu ya kawaida ya benki haitakusaidia. Malipo ya ndani ya Ulaya hutumia namba ndefu ya akaunti ya kimataifa iitwayo IBAN, ambayo kwa Ujerumani ina tarakimu na herufi 22, nasi Tanzania hatuitumii. Itakubidi utafute fomu ya malipo ya nje, ujaze namba ya akaunti na alama ya benki ya mpokeaji, ambayo kwa CRDB, kwa mfano, ni CORUTZTZ na kwa NMB ni NMIBTZTZ. Njia hii hufaa kwa kiasi kikubwa, kama malipo ya kiwanja. Kwa yuro mia au mia mbili za matumizi ya nyumbani, kampuni za kutuma fedha zinazoingiza moja kwa moja kwenye simu ya mpokeaji huwa nafuu na za haraka zaidi. Lakini tangazo la "bila ada" lisikupumbaze. Chukulia yuro moja sokoni ni shilingi 2,900, na kampuni inakupa 2,800: ukituma yuro 200 umeacha kwao shilingi 20,000, ingawa risiti inaonyesha ada sifuri. Mimi hufungua kwanza tovuti ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo hutangaza viwango vya kubadilishia fedha kila siku ya kazi, kisha hulinganisha jambo moja tu: nikitoa yuro 200 mfukoni, mama atapokea shilingi ngapi mkononi. Umoja wa Mataifa umejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma fedha nyumbani iwe chini ya asilimia 3, na kwa takwimu za Benki ya Dunia Afrika kusini mwa Sahara ndilo eneo lililo ghali kuliko yote, kwa hiyo dakika tano za kulinganisha si za bure.

Wapo wanaobadilishana wao kwa wao: unampa mtu yuro Leipzig, nduguye anampa mama yako shilingi Dar es Salaam. Nimewaona wakiachwa na ahadi mikononi, na mbele ya sheria huna pa kushika.

Jambo lililonitesa zaidi katika kutuma lilikuwa majina. Alama za vidole za mama yangu, mkulima kwa miaka arobaini, zimefutika, mashine haikuzisoma, na laini yake ikasajiliwa kwa kitambulisho cha mdogo wangu. Nilipotuma kwa jina la mama, muamala ulikwama siku sita, kisha ukarudishwa. Andika jina kama lilivyosajiliwa kwenye laini au akaunti, si kama unavyomwita mtu, na kwa upande wako hakikisha majina yako matatu yamepangwa namna moja kwenye pasi, benki ya Tanzania na benki ya ugenini. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia yuro hulinganisha jina na namba ya akaunti kabla ya malipo kwenda, hivyo hata mwajiri anayekulipa mshahara anaweza kuonywa kama majina yako yamepinda.

Kuna pia safari za likizo. Kadi ya kawaida ya benki ya Kijerumani, girocard, peke yake si ya kutegemea nje ya nchi. Zamani nyingi zilibeba alama ya Maestro, mtandao uliowezesha kadi kutumika nje ya nchi, ambayo haitolewi kwenye kadi mpya za Ulaya tangu Julai 2023. Nilisimama mbele ya mashine Tanga nikiwa na foleni nyuma yangu, kadi ikatemwa mara tatu. Omba kadi yenye Visa au Mastercard, na mashine ikikuuliza kama ikukate kwa yuro au kwa shilingi, chagua shilingi, kwani ukichagua yuro unakubali kiwango cha kubadilishia kilichopangwa na mwenye mashine.

Kwa sasa nina akaunti mbili Ujerumani katika benki mbili tofauti, moja Tanzania, na kadi ya pili iliyofungiwa ndani ya sanduku, mbali na pochi. Binamu yangu anaondoka kwenda Dresden mwezi ujao, na ameniuliza aanzie wapi. Nimemwambia azime laini yake siku nzima akiwa bado Tanga, abaki na intaneti ya jirani tu, ajaribu kujihamishia shilingi elfu kumi kutoka kwenye akaunti yake, na akishindwa, aende tawini kesho yake asubuhi, maana bado lipo umbali wa bodaboda.